Siku Tuliyoupima Ruvuma

Juzi nilipeleka sare ya mjukuu wangu kwa fundi, hapa Mtwara mjini, apunguze upindo. Fundi mwenyewe ni kijana, anashonea cherehani ya umeme, lakini pembeni alikuwa ameifungua ile ya zamani ya kukanyaga kwa miguu, anaisafisha. Harufu ya mafuta ya cherehani ilinijia kabla sijapiga hodi. Nikasimama mlangoni nimeshika gauni mpaka akaniuliza, "Mama, uko salama?" Nikamjibu kwamba ni jua tu. Ningemwelezaje kwamba harufu ile kwangu ni harufu ya hesabu, na kwamba kila ikinijia natamani kuomba radhi kwa mtu ambaye sijui hata kama yu hai?

Nilikulia Kitaya, kijiji kilichokaa ukingoni mwa Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji, na siku hizo huko kulikuwa na vita vya kuwaondoa Wareno. Nyumbani tulizungumza Kimakonde; Kiswahili kilikuwa cha shuleni, cha redio na cha wageni wa serikali. Vita vyenyewe nilivijua kwa masikio tu: mlio wa ndege, kisha mshindo wa mbali ambao mama aliuita radi hata katikati ya kiangazi. Na niliviona kwa watu waliokuwa wakivuka na mitumbwi, sufuria kichwani, mtoto mgongoni. Wengi walipelekwa kwenye kambi za bara. Wachache waliokuwa na ndugu upande wetu walibaki kijijini.

Mmoja wa hao alikuwa Anselmo, ambaye sisi sote tulimwita Anselimu. Alivuka na cherehani. Kichwa cha mashine alikibeba mwenyewe begani, na meza ya chuma ikaja safari ya pili ya mtumbwi. Mkewe hakuvuka naye, na hakuna mtoto aliyethubutu kuuliza kwa nini. Alikuwa mrefu, mkavu, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua likiwa utosini. Huko kwao aliwahi kufanya kazi na wapima ardhi wa Kireno, akiwashikia mnyororo wa kupimia na kuwapigia vigingi, na hesabu alizipata kwa kuwatazama na kuuliza. Akiwa anafikiri alihesabu chinichini kwa Kireno, sete, oito, nove, huku mguu ukikanyaga cherehani kwa mwendo uleule.

Mwaka huo tulikuwa darasa la saba. Shule ilikuwa na walimu wawili, na yule wa hesabu alihamishwa wakati wa likizo, hakuja mwingine. Mwalimu mkuu alifundisha madarasa matatu kwa wakati mmoja, akitoka chumba hiki kuingia kile, na kipindi cha hesabu kikawa cha kunakili tu majedwali yaliyokuwa ubaoni tangu mwaka uliopita. Siku moja ndugu yangu Somoe, mtoto wa mama mdogo tuliyekuwa tukikaa naye nyumba moja, alipeleka sketi yake ishonwe. Anselimu akaliona daftari alilokuwa nalo mkononi, akalifungua, akasoma ukurasa mzima wa hesabu za sehemu.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Hakuna mtu," akasema Somoe.

Akachukua chaki ya ushonaji, akaisahihisha hesabu ya kwanza juu ya meza ya cherehani. Siku ya pili tulikwenda watatu. Wiki haikuisha, tukawa kumi na wanne, na hapo Anselimu akaona hana budi kuja kwa baba. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na jambo la kukusanya watoto wa watu lisingeweza kufanyika bila yeye kulijua.

"Balozi, watoto wana mutihani," alisema. Mtihani kwake ulikuwa mutihani, na mtu alikuwa mutu. "Mimi mchana jua likipungua nina nafasi. Nipe ruhusa nikae nao."

"Na wewe utataka nini?"

"Nitataka waje wamenawa miguu. Nguo za watu ziko chini."

Baba alicheka, ruhusa ikatoka. Kina mama waliojaribu kumpelekea unga aliwarudisha, ingawa samaki wa kukausha aliwahi kuwapokea, kwa sababu, alisema, samaki akirudishwa anaharibika.

Aliuondoa kizingitini mlango wa kibanda chake, akautegemeza ukutani, akatutuma tukatafute betri za redio zilizokwisha. Tuliziponda, tukachanganya ule unga mweusi na maji ya majani ya matembele, akaupaka mlango mara tatu. Huo ndio ulikuwa ubao wetu. Tulikaa kwenye mikeka na vipande vya vitambaa vimetuzunguka, na vipande hivyo ndivyo alivyotumia kutufundishia sehemu: alikata kipande mbele yetu, nusu, robo, thumuni, kisha akatuambia tuviunganishe tumwonyeshe kama nguo imerudi nzima. Hakumpiga mtu. Ukikosa alikuambia, "Nionyeshe njia uliyopita," na alikufuata hatua kwa hatua bila kukukatiza, mpaka wewe mwenyewe unapafikia mahali ulipopotea na kuona aibu kidogo na raha kidogo.

Somoe alikuwa hodari kupita wote. Alikuwa mtu wa maneno machache, akipata jibu analiandika kiganjani na kukifumba kiganja. Mimi nilikuwa wa wastani, lakini msemaji. Nilijibu kabla ya kufikiri, na nadhani nilipenda kusikika kuliko nilivyopenda kujua.

Alasiri moja alikuwa akitufundisha pembetatu. Alituambia kwamba ukijua upande mmoja na pembe zake, pande nyingine haziwezi kukuficha kitu. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama ni hivyo, tunaweza kuupima Ruvuma bila kuvuka?"

Wenzangu wakacheka. Anselimu akaacha kukanyaga cherehani. Akageuza uso upande wa mtoni, akatazama kwa muda mrefu. Nilifikiri nimemkamata, hana jibu, na nikafurahi ndani kwa ndani. Leo najua alikuwa akipima jambo jingine kabisa: yeye, mtu wa ng'ambo, aonekane na vigingi na kamba kwenye mpaka wa vita.

"Inawezekana," alisema mwishowe. "Lakini mutoni si mahali pa kuchezea siku hizi."

"Basi haiwezekani," nikasema, nikageuka kuwatazama wenzangu.

Akanitazama, akatabasamu. "Haya. Kesho saa tisa. Tutakwenda pale wanapochota maji, mahali watu wanatuona."

Ilikuwa kiangazi, mpunga ulikwisha vunwa na bonde lilikuwa jeupe la mabua. Mto ulikuwa umepungua, michanga imejitokeza katikati kama migongo ya viboko. Alituchagulia mahali ambapo maji yaligusa kingo zote mbili. Ng'ambo palikuwa na gogo lililokauka, limesimama peke yake. Tukapiga kigingi upande wetu, sawasawa na lile gogo. Kutoka hapo tukatembea kando ya mto hatua hamsini, tukapiga kigingi cha pili. Tukaenda hatua hamsini nyingine, tukapiga cha tatu. "Sasa," akaniambia, "wewe uliyeuliza ndiye utakayetembea. Upe muto mgongo, uende bondeni moja kwa moja, uwe unageuka kutazama. Pale kigingi cha katikati kitakapoliziba gogo, simama. Urefu wa njia yako ndio upana wa muto."

Somoe alinifuata akihesabu. Mabua yalinichoma nyayo. Niligeuka mara nyingi, gogo bado liko kando ya kigingi, likisogea taratibu, taratibu, mpaka ghafla halikuwepo. Lilikuwa limejificha nyuma ya kigingi ambacho kutoka pale kilionekana chembamba kuliko kidole changu. Nilipiga kelele mpaka wachota maji wakageuka.

"Mia tatu na kumi na mbili!" akasema Somoe, na kwa mara ya kwanza nilimwona akirukaruka.

Tuliporudi ukingoni tulimkuta mgambo mmoja amesimama na bunduki yake, mwenzake nyuma yake. Anselimu alikuwa akimweleza juu ya pembetatu, mikono yake ikichora hewani, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. Yule mgambo alivitazama vigingi, kisha akatazama ng'ambo. Walipokuwa wakiondoka nilimsikia akimwambia mwenzake, "Huyu ni kibaraka tu."

Sikulijua neno hilo. Nililijua baraka, kwa sababu babu alilitaja katika kila dua. Na shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba ukiweka "ki" kitu kinakuwa kidogo: mtoto, kitoto, mlima, kilima. Kwa hiyo kibaraka nilikielewa kuwa ni baraka ndogo, mtu aliyeletwa na Mungu kwa kiasi chetu sisi watu wa Kitaya. Nikaona hata mgambo kakubali.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kisimani na ndoo, wanawake wamejaa. Sikungoja kuulizwa. "Mwalimu wetu kaupima Ruvuma bila kutia mguu majini! Hatua mia tatu na kumi na mbili! Hata wanamgambo wamesema, mwalimu wetu ni kibaraka!"

Bibi mmoja aliyekuwa karibu nami akaniziba mdomo kwa kiganja chake kilicholowa. "Nyamaza, we mtoto." Wengine wakajitwisha ndoo zao na kuondoka hata hazijajaa. Niliporudi nyumbani nikamuuliza mama, na mama akakaa chini kabla ya kunijibu. Kibaraka, alisema, ni mtu anayetumwa na Wareno. Ni mtu anayewaonyesha njia.

Siku ya tatu Landrova ya serikali ilikuja kutoka Mtwara. Mtu aliyeshuka alivaa suti ya mikono mifupi, mpole, mwenye sauti ya mwalimu. Tuliitwa sisi kumi na wanne tukakaa darasani, na baba akasimama mlangoni kwa sababu ndiye balozi. Anselimu alikuwa nje, chini ya ulinzi wa wale mgambo wawili. Kupitia dirishani niliona bega lake moja.

"Nyie ni watoto hodari," alisema yule mgeni. "Nasikia mmeupima mto. Hata mimi sijui kuupima." Akatupa nafasi ya kucheka, hatukucheka. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Nani aliyesema mkaupime? Ni nyinyi mliomwomba, au ni yeye aliyewapeleka?"

Nilisikia mbuzi wa mwalimu mkuu wakikwaruza ukuta. Somoe alikuwa kando yangu, goti lake limegusa langu, na nikahisi akigeuza kichwa kunitazama. Alikuwa akiningoja mimi, kwani swali lilikuwa langu.

Yule mgeni akafuata macho ya Somoe mpaka kwangu. "Wewe ni mtoto wa balozi, siyo? Usiogope. Sema."

Nilikuwa nimeshajua kibaraka ni nini. Nilikuwa nimeshajua kwamba mtu aliyetaka kuupima mto ni mtu mbaya. Na mtu huyo alikuwa mimi.

"Yeye," nikasema.

"Yeye nani?"

"Fundi."

Hata mwalimu sikumwita. Nilimtazama baba, na baba alikuwa akitazama sakafu.

Walichukua vigingi, kamba na daftari alimokuwa akiandika makosa ya kila mmoja wetu ili ajue kesho aanze na nani. Lilikuwa limeandikwa kwa Kireno, na hilo peke yake lilitosha. Anselimu aliomba aruhusiwe kwanza kuifunika cherehani vumbi lisiingie. Wakamruhusu. Kisha akapanda gari, na baba akapanda pia, kwa kuwa balozi alitakiwa kwenda kutoa maelezo. Baba alirudi siku ya pili kwa miguu kutoka barabara kuu, akanawa, akala, akaenda kulala.

Ubao wetu ulirudishwa kizingitini ukawa mlango tena. Tulikuwa hatujafika kwenye riba, wala maeneo ya duara, wala hesabu za mwendo. Nilijaribu kusoma peke yangu. Somoe hakulifungua tena daftari la hesabu. Nilimwomba tusome pamoja, akasema ana kazi ya kutwanga. Siku ya mtihani alitoa karatasi yake mapema kuliko wote, akatoka, akakaa nje akisuka mkeka wa mtu. Majina yalipokuja, mimi nilikuwamo na yeye hakuwamo. Mwaka uliofuata aliolewa kijiji cha Ziwani. Hajawahi kunilaumu, hata mara moja, na tukikutana mpaka leo tunazungumza habari za mihogo na wajukuu. Lakini ninajua nani kati yetu alikuwa na kichwa, na nani alikuwa na mdomo.

Anselimu alirudi mvua zilipoanza, wiki moja kabla sijakwenda shule ya bweni. Alikuja na askari mmoja. Alikuwa amepewa ruhusa ya kuchukua cherehani yake tu, kisha apelekwe kambi ya bara. Nilimwona kwa mbali akija kwenye njia ya nyumbani kwetu, nikakimbilia nyuma ya jiko, nikajibana kati ya ukuta na rundo la kuni. Alikuwa amekonda. Kifungo cha juu cha shati hakikuwepo, na kwa fundi kama yeye jambo hilo lilinitisha kuliko wembamba wake.

"Watoto wamefanya mutihani?" alimuuliza mama.

"Wamefanya. Huyu wangu kafaulu."

"Na Somoe?"

Mama akamsogezea kigoda. Nikamsikia fundi akisema, "Huyu aliyefaulu yuko wapi? Nimpe mukono."

Mama akaniita. Akaniita tena, kwa jina langu kamili. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili, sisimizi wanapanda miguuni.

"Mwache, mama," akasema Anselimu. "Labda ana kazi."

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba hakujua. Nilijiambia kwamba mtu anayejua umemponza hawezi kuja kukutafuta akupe mkono. Kwa hiyo nilimbeba akilini kama mtu aliyedanganywa, na nikawa nasikitika kwa namna hiyo, namna isiyouma sana.

Baba aliugulia kwangu, hapa mjini, nilipokuwa tayari muuguzi mwenye watoto. Asubuhi moja nikiwa namlisha uji, alisukuma kijiko pembeni. "Yule fundi," alisema, kama tuliyekuwa tukimzungumzia jana. "Nilijua ni wewe uliyeuliza. Somoe aliniambia siku ileile mliyopima."

Nikakaa.

"Tulipofika Mtwara wakaniacha nje naye kidogo. Nikamwambia, fundi, mtoto wangu ndiye mwenye lile swali. Ukimtaja, watamleta hapa. Nikamwomba."

"Akasema nini?"

"Akasema, mutoto hakuuliza kitu, balozi. Ni mimi. Akaingia ndani akawaambia hivyo. Nilisikia baadaye kwamba walimuuliza na kumuuliza tena, tangu kiangazi mpaka mvua, na kila mara alisema ni yeye."

Uji ulikuwa umepoa. Nilitaka kumkasirikia baba na sikupata pa kuanzia, kwa sababu mtu aliyeombewa pale nje nilikuwa mimi. Nikamuuliza kitu kimoja tu: siku fundi aliporudi kuchukua cherehani, yeye baba alimshukuru?

Baba alitazama dirishani.

"Nilimwona anakuja," alisema. "Nikachukua jembe nikaenda shambani. Hapakuwa na kazi yoyote huko."

Kumbe siku ile tulijificha wote wawili, mimi nyuma ya jiko na yeye shambani, na ni mama peke yake, asiyejua lolote juu ya swali lile, aliyeishika upande mmoja ile meza ya chuma, Anselimu upande wa pili, wakaibeba kwenye mvua mpaka barabarani.